Chupa Chini ya Bikoni ya Kapseret

Siku yangu ya kwanza kazini nilifutwa kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa nimetoka Bunyore kwa miguu hadi Eldoret, na Bwana Mpima, mzungu mrefu aliyepima mashamba ya walowezi, alikuwa amenipa ncha ya nyuma ya mnyororo niishike. Mimi nilidhani kushika ni kushika tu. Nikaulegeza kidogo nijikune mguu, naye akatupa penseli yake chini.

"Wewe kwenda," akasema. "Kwenda kabisa."

Sikwenda. Niliketi kwenye nyasi nikawatazama wakifanya kazi, na yule aliyepewa nafasi yangu alipojikwaa, nikauokota mnyororo nikauvuta mpaka ukanyooka. Bwana Mpima alinitazama, kisha akarudi kwenye darubini yake. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa mara mbili kwa siku moja, na nikakaa miaka kumi na mmoja. Mama yangu alizoea kusema kwamba ukaidi wangu utanilisha au utaniua. Ulifanya la kwanza, na la pili ukakaribia.

Ninyi mnaosoma haya mmezoea vyombo vinavyopima vyenyewe. Mnyororo wetu ulikuwa wa chuma, futi sitini na sita, na umegawanywa vipande mia tulivyoviita pingu. Ncha ya mbele aliishika Wafula, Mbukusu wa Kimilili, mtu wa mzaha aliyeweza kumchekesha hata punda. Kila mnyororo ulipotimia Wafula alichomeka kijiti cha chuma, nami nikifika nakiokota. Jioni vijiti vilivyokuwa mkononi mwangu ndivyo vilivyokuwa ushahidi wa safari yetu.

"Mnyororo hapana jua bwana, hapana jua boi," Bwana Mpima alikuwa akituambia kwa Kiswahili kile cha walowezi. "Mnyororo nasema kweli tu."

Nilimwamini. Alikuwa mkali lakini hakupiga mtu, na alinifundisha kazi yake kama anayemfundisha mtu mwenye akili. Kwake nilijifunza mambo mawili ambayo hadi leo nayaheshimu. La kwanza ni kwamba kitabu cha kazi hakifutwi. Namba ikikosewa, inakatwa kwa mstari mmoja na nyingine inaandikwa juu yake, ili kila mtu aone kosa lilikuwa wapi. La pili ni la bikoni, ile nguzo fupi ya saruji inayosimamishwa kwenye kona ya shamba. Kabla ya kuisimamisha tulichimba futi tatu, tukaweka makaa na chupa iliyopinduliwa, tukafukia. Makaa hayaozi, na mwizi wa mpaka husogeza kile anachokiona tu. Kazi ya kuzika ilikuwa yangu.

Tulipima Burnt Forest, ambako baridi ilifanya chuma kishikane na vidole. Tulipima Yamumbi. Kisha tukapima Kapseret, kwenye mstari uliotenganisha shamba la mlowezi mmoja na rizavu ya Wanandi, ardhi waliyotengewa na serikali. Mlowezi huyo tulimwita Bwana Ndevu. Karibu na mstari palikuwa na udongo wa chumvi ambao ng'ombe wa Wanandi walikuja kulamba kutoka mbali. Ng'ombe asiyepata chumvi hukonda na maziwa hukauka, na watoto wa pale waliishi kwa maziwa. Mstari wetu uliiacha chumvi upande wa rizavu. Kutoka bikoni ya mtoni, shamba lilikoanzia, hadi ile ya chumvini ilikuwa minyororo thelathini na miwili kamili.

Miaka sita baadaye tuliitwa tena. Bwana Ndevu alikuwa amezungushia chumvi waya na kukamata ng'ombe walioingia. Mzee arap Bett, aliyesemea familia za pale, alikuwa amelalamika, na afisa wa serikali alikuwa anakuja kusikiliza. Kwanza ilitubidi tupime upya.

Wafula alitangulia na mimi nikafuata. Tulipofika kwenye bikoni ya chumvini nilihesabu vijiti, nikahesabu tena. Minyororo thelathini na minne na pingu kumi na nane: ilizidi kwa minyororo miwili na pingu kumi na nane. Bwana Mpima akaamuru turudie, tukarudia mara tatu. Nikachukua fimbo ya chuma nikaidunga kimshazari chini ya bikoni mpaka futi nne. Hapakuwa na makaa wala chupa. Bikoni ilikuwa imehamishwa, na chumvi sasa ilikuwa ndani ya shamba.

Bwana Mpima aliandika namba. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa raba mfukoni akaifuta.

Sijawahi kuona jambo lililoniumiza kama lile, kwa sababu nilimpenda mtu yule.

Kesho yake asubuhi alituletea karatasi iliyosema kwamba sisi washika mnyororo tuliikuta bikoni mahali pake. Wafula alitia kidole gumba. Mimi nilikuwa nimesoma misheni, nikaisoma karatasi yote, nikamrudishia.

"Kama wewe kataa, wewe shindwa," akasema kwa upole. "Mimi najua. Afisa kwisha kata shauri. Na kazi yako kwisha."

"Najua, Bwana."

"Sasa kwa nini?"

"Ile chupa nilizika mimi."

Wafula alinivuta kando. "Ndugu yangu, mwenye nguvu mpishe. Wewe Mnyore, chumvi ya Wanandi inakuhusu nini? Utapata nini hapo? Mkono mtupu haulambwi."

"Sitapata kitu."

"Basi tia kidole twende tukule."

Sikumkasirikia. Alikuwa na watoto wanne, mimi nilikuwa na mke tu, na mke wangu alikuwa mkaidi kuliko mimi.

Baraza lilikaa kwenye veranda ya nyumba ya Bwana Ndevu, jambo ambalo peke yake lilitosha kutuambia mwisho wake. Afisa alikunywa chai ya mwenye nyumba. Wanandi waliketi chini kwenye nyasi. Karatasi ikasomwa, afisa akauliza kama kuna mwenye neno, nami nikasimama.

"Bikoni imesogezwa," nikasema. "Mimi nilizika makaa na chupa pale penye mpaka wa kweli. Naomba pachimbwe. Mkikosa chupa, nifungeni."

Afisa alimgeukia Bwana Mpima. "Kuna namba nyingine kwenye kitabu?"

"Hakuna," akajibu, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

"Basi hatukuja hapa kulima," akasema afisa. Akaamua kwamba bikoni ibaki ilipo, na walioleta ng'ombe chumvini watashtakiwa. Kikao hakikuzidi muda wa kunywa kikombe kile cha chai.

Nilipokuwa nateremka ngazi, Mzee arap Bett alinisimamisha. Alikuwa amenyooka, hana machozi. "Tulijua tutashindwa," akasema. "Hatukujua kuna mgeni atakubali kushindwa pamoja na sisi." Akanipa mkono, akawafuata watu wake.

Siku ile ile Bwana Mpima alitia sahihi ya kuniachisha kazi kwenye kipande changu, ile karatasi tuliyoivaa shingoni ndani ya kibati, bila ambayo huajiriwi. Hakuandika neno baya, lakini hakuandika jema pia. Hakuna mpima aliyenichukua tena. Nilibeba magogo kwenye kiwanda cha mbao Burnt Forest, nikachuna maganda ya miti iitwayo miwati, na mwishowe nikawa seremala wa shule mpaka nilipostaafu. Ng'ombe wa arap Bett wengi waliuzwa kabla ya mvua kurudi. Sikuokoa hata mmoja.

Vijana wakiniuliza nilifaidika nini, nawaambia ukweli kwamba sikufaidika. Kuna miaka nilijuta, hasa watoto walipolala na njaa. Wafula alibaki kwenye mnyororo hadi uzeeni, akajenga Yamumbi, na tulipokutana sokoni alinitania kuhusu kila jambo isipokuwa lile.

Alipougua mara ya mwisho aliagiza niitwe. Nilimkuta amelala ubavu, mzaha wote umemwisha. Hakunisalimia.

"Minyororo miwili na pingu kumi na nane," akasema. "Kuelekea mtoni."

"Hapo hapo penye chupa," nikamwambia.

Akafumba macho, na mimi nikaketi nimeshika mkono wake. Kumbe miaka yote ile tulikuwa mashahidi wawili.