Kiziwi wa Pua

Sisi tunasema harufu husikika. Ndiyo maana yule msusi, alipogundua kwamba pua yake imekufa, hakujiambia kuwa ameugua. Alijiambia tu kwamba amekuwa kiziwi. Na kiziwi akiwa mjanja anaweza kuishi miaka akiitikia kwa kichwa.

Wateja walimwita Pua, na jina hilo alilipata kwa haki. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye dirisha upande wa barabara, viti viwili vya kuzunguka, kimoja kati yake hakizunguki tena, na sinki la kuoshea vichwa. Kule mwisho palikuwa na meza ya shoga yake, aliyepaka watu rangi za kucha. Pua kazi yake ilikuwa kutia nywele rangi. Aliwaeleza wateja kwamba amonia iliyomo ndani ya rangi ndiye mfungua mlango: unywele una magamba yaliyolaliana kama vigae, na amonia huyainua ili rangi ipite. Isipoyainua, rangi inabaki barazani na kuondoka na maji. Amonia ikikaa kupita kiasi, inaanza kuhamisha na vyombo vya ndani. Unywele unabaki ganda, mkavu, ukiuvuta unakatika.

Basi ufundi wote ulikuwa kujua wakati wa kuisuuza. Wasusi wengine walitazama saa. Pua alisema saa iliyoandikwa kwenye boksi ni ya nywele za watu wote, kwa hiyo si ya nywele za mtu yeyote. Yeye aliinama juu ya kichwa cha mteja na kuvuta hewa. Harufu ilianza kali, ya kuchoma kama mkojo wa juzi, kisha ikapoa, kisha ikakata. Ikikata tu, mteja alipelekwa sinkini, na rangi ilitoka kama alivyoitaka. Shoga yake alimtania kwamba angezaliwa mbwa, polisi wangemwajiri.

Pua ile ikachoka. Kwanza ilipotea harufu ya sabuni, kisha ya mvua, na mwisho amonia yenyewe, baada ya kuishi nayo kama ndugu. Macho nayo hayakuwa shahidi tena, maana yalitoa machozi kutwa, rangi iwepo isiwepo. Binti yake wa pekee ndiye aliyeanza kushuku, siku alipomkuta mama yake anakunywa maziwa yaliyochacha bila kukunja uso. Akamsihi aende hospitali, aiache kazi ile. Pua akamjibu vibaya. Alisema rangi hiyo anayoidharau ndiyo iliyomsomesha, na kwamba pua yake ni nzima kuliko akili za watu fulani. Neno likazaa neno. Binti akahama, na kwa muda mrefu hata salamu zao zilipitia midomo ya watu.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Hakuna aliyejua jinsi Pua alivyofanya kazi baada ya hapo. Mara nyingi aliwasuuza wateja mapema, kwa woga, na rangi zikatoka zimepauka. Siku nyingine alimtega shoga yake kwa maneno: harufu ya leo kali, eh? Naye, bila kujua kwamba anatumiwa, alijibu kwamba kali kweli, au kwamba mbona imeshakata. Pua aliishi kwa pua ya kuazima.

Ndipo binti alipokuja. Alisimama mlangoni na mtandio kichwani, akaamkia, akaitikiwa, kisha akaenda kukaa kwenye kile kiti kisichozunguka. Alisema anataka rangi ya asali, na hataki mkono wa mtu mwingine. Hakuomba radhi kwa mdomo. Alileta kichwa.

Pua alizishika nywele zile na vidole vikamwambia ukweli ambao pua isingeweza: zilikuwa zimetiwa dawa ya kulainisha, si zamani. Nywele za namna hiyo mlango wake umekwisha vunjwa mara moja. Msusi mwenye akili timamu angemwambia arudi mwezi mwingine. Lakini mtoto aliyerudi leo, nani alimhakikishia kwamba mwezi mwingine angerudi? Wala hakutaka kumtolea rangi iliyopauka. Akachanganya rangi, akaipaka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi mama na mwana wakacheka, wakimsengenya jirani mmoja aliyekuwa akimwagilia maua ya plastiki.

Kule mwisho wa chumba, shoga alikuwa akibandua rangi ngumu kwenye kucha za mteja. Chupa ya asetoni, dawa kali ya kuyeyushia rangi hiyo, ilikuwa wazi mbele yake.

"Shoga, harufu bado ipo?" Pua akauliza.

"Ipo? Imezidi. Kichwa chote kinanigonga."

Alikuwa akiisema chupa yake. Pua alidhani anaisema amonia, akasubiri. Baadaye akauliza tena, akapewa jibu lile lile. Kila mara aliinama juu ya kichwa cha binti na kuvuta hewa, kwa ajili ya kuonekana tu.

Sinkini, maji yalipopita, nywele zilishuka nayo. Mwanzoni Pua alidhani ni povu. Kisha kiganja chake kikajaa. Akafunga bomba.

Binti aliinuka, akajipapasa kichwa polepole kuanzia utosini. Alimwambia mama yake afumbe macho, na mama akafumba, kama mtoto anayengoja adhabu. Binti akafungua bomba kidogo tu, maji yakateremka bila sauti kwenye bakuli safi, akamsogezea puani.

"Unasikia nini?"

Pua akavuta hewa kwa nguvu.

"Amonia," akasema. "Bado kali."

Shoga akaweka brashi yake chini.

"Ni maji, mama."

Kisha binti akamwomba yule shoga, si mama yake, amkate zilizobaki. Alipokwisha kukatwa na kujifunga mtandio, binti alisema akiwa ametazama mlango:

"Kichwa kilikuwa kinaniungua, mama. Nilinyamaza kwa sababu nilisikia pumzi yako. Nikasema, mama anajua."

Akatoka. Shoga, ambaye sasa alielewa maswali ya siku zote zile, alikuja kumshika bega na kumwambia nywele huota.

"Nywele, ndiyo," Pua akajibu.

Alichukua ufagio. Katikati ya kufagia akainama, akaokota shungi moja bichi na kulipeleka usoni, kama alivyokuwa akinusa utosi wa binti huyo alipokuwa mchanga, kabla ya kumlaza. Akavuta hewa mpaka kifua kikauma. Kimya.

Mteja mgeni akachungulia mlangoni, akauliza kama Pua yupo. Shoga alifungua mdomo, akamtazama mwenzake, akaufunga.

"Hayupo," msusi akasema, akaendelea kufagia.