Uvimbe Kwenye Pembe ya Msala

Sifa njema zote ni zake Mola aliyeuonyesha mto njia yake, akatupa na sisi ulimi wa kuonja maji yake.

Harufu ya ukindu uliolowekwa hunirudisha Ozi, uani kwa bibi yangu mzaa mama, miaka ile Witu ilipokuwa bado na sultani wake. Asubuhi nikitoka chuoni kusoma Kurani nilishona naye msala wa kuswalia: yeye alisuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu, mimi niliunga kwa shazia, ile sindano nene ya mikeka. Jioni nilimwagilia miche yake ya mumunye. Mbegu hiyo aliirithi kwa mama yake, na pale kijijini hakukuwa na mwingine aliyebaki nayo, kwani mafuriko yalikuwa yamezoa mashamba yote.

Kwetu Ozi mto hupokea bahari. Maji yakipwa ni matamu. Yakijaa wakati wa kiangazi, chumvi hupanda hadi mlangoni. Ndiyo maana kila mchota maji huonja kwanza. Lakini jioni moja ya kiangazi Shangazi Tima, dada wa baba aliyekaa jirani, alikuwa amesifu mshono wangu, nami nikawa na haraka ya kuurudia. Nikachota maji yakiwa yamejaa, nikamwagilia bila kuonja. Siku ya tatu majani yote yalikuwa yameungua.

"Mke mwenzangu," Bibi aliniita kwa utani wake wa kila siku, ila hakucheka. "Uliyaonja?"

"Sikuyaonja, Bibi."

"Basi tuvune vivyo hivyo!" akadakia Shangazi Tima. "Mboga ishatiwa chumvi, imebaki nazi tu."

Nililia kwa kwikwi. Bibi akanishika mkono hadi ndani, akakunjua msala wake mkuukuu, akaniambia nifumue pembe ya kulia, penye uvimbe ambao siku zote nilidhani ni hirizi. Zikadondoka mbegu kumi na moja.

"Kila nikisujudu kiganja changu huzigusa," alisema. "Panda tisa. Mbili zirudishe, na pembe uishone mwenyewe."

Kuanzia siku hiyo nilionja kila kibuyu cha maji, hata ulimi wangu ukazoea ladha ya tope. Mumunye la kwanza lilipokomaa, Bibi alinituma nalo kwa Shangazi Tima. "Mwambie safari hii chumvi atie mwenyewe."

Leo niko Wema, nilikoolewa, ambako chumvi ya bahari haifiki, na mbegu hupatikana dukani. Nashukuru, wepesi huo ni neema. Hata hivyo bado naonja maji kabla ya kumwagilia, na wajukuu wananicheka. "Bibi, msala wako umeshonwa vibaya, una uvimbe." Huwaambia waguse, kisha huwauliza kama wako tayari kushika shazia.

Nawe unayesoma, Mola akujaalie maji matamu, na siku miche yako itakapoungua, akukutanishe na mbegu ulizowekewa na waliokupenda.