Vifungo vya Kasuku

Mpaka leo nikiikumbuka Jumamosi ile mwili unanisisimka. Sikusimuliwa mimi. Nilikuwa mlangoni nakata tiketi, macho haya mawili yakaona, masikio haya yakasikia, na bado siamini.

Kaka yangu wanamwita Kasuku. Asubuhi anasaga unga kwenye mashine, anarudi mweupe kuanzia nyusi hadi kandambili. Alasiri anaoga, anavaa shati safi, anakuja kwenye banda la video kutafsiri picha. Nasema kutafsiri kwa heshima tu. Picha zinakuja na lugha za huko zilikotoka, na kaka hajui hata moja. Anakaa pembeni ya televisheni, maikrofoni mkononi, na kila midomo inapofunguka kwenye kioo yeye anaiwekea maneno. Alianza utotoni, baba alipopungukiwa na macho, akawa anamweleza kila kinachopita. Baba alicheka mpaka siku anakufa, na kaka hajanyamaza tangu hapo.

Ana masharti mawili. La kwanza, haitazami picha kabla. Anasema ukishaijua, unabaki kukariri kama mtoto wa shule. La pili, midomo ikicheza lazima atoe sauti. Siku atakayonyamaza katikati ya picha, alikuwa anatuambia, bora akachunge mbuzi.

Sasa mtu huyohuyo, anayewafokea majambazi ishirini kwa pumzi moja, mbele ya mwanamke ni domo zege. Na mwanamke mwenyewe ni mmoja tu: Fundi, mshona nguo, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Kwa miaka tisa kaka alikuwa anampelekea mashati yaliyokatika vifungo. Anaingia, analiweka shati mezani, anasema "kifungo," anatoka. Kesho yake anarudi kulichukua, anasema "asante," anatoka. Hayo ndiyo mazungumzo yao yote ya miaka tisa, jamani.

Na mfuaji wa mashati hayo ni mimi. Nimegombana na sabuni, nimebadilisha jiwe la kufulia, nimemtukana mbuzi wa jirani mpaka mwenye mbuzi akaacha kunisalimia. Nilijua kabisa kuna kitu kinakula vifungo katika nyumba ile.

Wiki hiyo tukasikia Fundi anahama. Mama yake, anayeishi mjini na kaka yake Fundi, ameanza kuumwa miguu, hawezi kubaki peke yake mchana. Kaka mtu amekuja na pikapu kumchukua yeye na cherehani yake, na wataondoka Jumamosi jua likipungua. Nikamkabili Kasuku jikoni.

"Anaondoka."

"Nimesikia."

"Sasa utamwambia nini?"

Akachovya mkate kwenye chai mpaka ukakatikia humo. "Nimwambie nini, mdogo wangu? Mtu anakwenda kumuuguza mama yake."

"Mwambie unampenda! Mwambie asiende!"

"Maneno yanafika hapa," akashika koo, "yanakwama."

Nikamwambia wewe mwanamume hovyo kabisa, nikatoka nje nikalia kwa hasira. Radhi sikumwomba, na siombi.

Jumamosi mchana mwenye banda akaleta picha. Alidhani ni ya vita, kisa gamba la kanda lina picha ya mtu aliyeshika upanga. Watu wakajaa. Fundi naye akaja kutuaga, akakaa na kaka yake benchi la tatu kusubiri saa ya safari. Pikapu ilikuwa nje, cherehani imeshafungwa kamba. Nikatundika mablanketi madirishani, picha ikaanza.

Vita gani! Shamba la kijani, kinu cha upepo, msichana anachunga mabata bukini. Mikate inaruka yenyewe kutoka kwenye tanuri, inajipanga dirishani. Wanaume wa mbele wakaanza kuguna.

"Tulieni," kaka akawaambia kwenye spika, "mapanga yananolewa kwanza!"

Msichana akakaa chini ya kinu, akatoa sindano, akaanza kushona. Bata mmoja mweupe, shingo ndefu, akamfuata, akasimama mbele yake akimkodolea macho. Halafu akafungua mdomo akaongea. Bata! Mdomo unacheza kama wa mtu anayehutubia. Kaka ikambidi aseme.

"Fundi," bata akasema, kwa sauti ya kaka.

Watu wakacheka, wakageuka kumtazama Fundi, naye akacheka. Nami nikacheka. Ni mzaha wake wa kila siku huo, kuwapa watu wa kwenye picha majina ya waliokaa bandani; jambazi mkuu siku zote ni muuza nyama. Lakini bata akaendelea, hanyamazi.

"Fundi, mimi nimelaaniwa. Nawasemea watu wote, la kwangu siliwezi. Nikija mlangoni kwako nina hotuba nzima kichwani, nikikuona nabaki na neno moja. Vifungo havikatiki vyenyewe. Nakata mimi, kwa meno, nyuma ya mashine ya kusaga."

Salale! Tiketi zikanidondoka. Kwa meno! Na mbuzi wa watu nimemtukana bure! Kicheko kikakatika banda zima. Muuza nyama akabaki na karanga mkononi, haziendi mdomoni. Sauti ya kaka ilikuwa inatetemeka kwenye spika, hata kichaa angejua yule siye bata anayesema. Na yeye alishajisikia, nakuapia. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Lakini mdomo wa bata unacheza, atafanyaje?

"Usiende," bata akasema. "Mama yako aje huku. Chumba cha baba ni kitupu, na asubuhi kinaingiza jua. Nitamwekea kiti dirishani."

Hapo kwenye picha radi ikapiga, na bata akageuka kijana mzuri, kavaa taji. Nikasema, haya, sasa wanaoana, kaka kaokoka! Wapi. Msichana alishtuka, akatupa sindano, akakimbilia gari la farasi lililokuwa linapita, akapanda, likaondoka naye. Kwa nini, sijui. Lugha yao nani anaijua? Wala kaka hakujua, si ndiye anayekataa kuitazama picha kabla? Msichana akageuka nyuma, machozi yanamtoka, midomo inacheza, anasema maneno mengi.

Na Kasuku kimya.

Nilimtazama. Maikrofoni iko mdomoni, koo linapanda na kushuka, hakuna kitu. Midomo ya yule msichana inakwenda tu, bubu. Nilitaka nichomoe waya wa umeme.

Ndipo tukasikia sauti kutoka benchi la tatu.

"Nguo za watu napitisha uzi mara sita." Alikuwa Fundi, kasimama wima, macho kwenye kioo, anamsemea yule msichana. "Vifungo vyako nilikuwa napitisha mara mbili tu. Nilitaka vikatike upesi, urudi."

Nikakaa chini, palepale mlangoni, sakafuni. Mungu wangu! Mmoja anakata kwa meno, mwingine anashona vilegee makusudi, na mimi mjinga katikati na sabuni yangu! Miaka tisa! Sikujua nicheke au niwachape wote wawili.

Gari la farasi likazidi kwenda. Midomo ya msichana ilikuwa bado inacheza, na Fundi hakumwacha.

"Simamisha gari, kaka," akasema. "Nashuka."

Farasi hawakusimama. Walikata kona nyuma ya kilima wakapotea, na sidhani kama kuna mtu aliyewaona. Wote tulikuwa tunamtazama yule kaka yake, kakaa palepale na funguo za pikapu mkononi, uso umempauka.

"Cherehani nimeshaipakia," akasema. "Nimeshaifunga kamba."

"Ifungue," Fundi akamwambia. "Hiyo pikapu ikamlete mama."