Mambo Thelathini na Manne ya Wilfrido Ariza

Kule Barranquilla, katika karakana ya wakala mmoja wa magari, Mtaa wa Murillo, alikuwako fundi aitwaye Wilfrido Ariza, ambaye wenzake walimwita Kobe. Sevisi ya kawaida, kubadili oili na kukagua gari zima, wenzake waliimaliza kwa dakika arobaini na tano. Yeye ilimchukua saa moja na nusu, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata siku zile mvua inapogeuza barabara za mji kuwa mito.

Si kwamba mikono yake ilikuwa mizito. Fomu ya sevisi ina mambo thelathini na manne, na Wilfrido aliyafanya yote. Alipokuwa na miaka ishirini na mbili aliwahi kutia tiki penye nati za magurudumu bila kuzigusa, maana mchana ulikuwa umefika na njaa inauma. Kesho yake mwenye gari, mama mmoja muuza maua, aliingia karakanani amekumbatia gurudumu lililochomoka akiwa njiani kwenda Ciénaga. Hakuumia, wala hakufoka. Aliliweka miguuni pa Wilfrido, akasema, "Hili ni lako," akaenda zake. Tangu hapo, miaka thelathini na moja, Wilfrido hakuandika jambo ambalo mkono wake haukulifanya.

Mwaka wa thelathini na moja akaja meneja mpya kutoka Bogotá, injinia Camargo, mpole wa sauti lakini mpenda takwimu. Akatundika ubao ukutani: jina la kila fundi, na dakika zake. Yeison, fundi mwenye ulimi kama wembe, aliongoza kila wiki. Wilfrido alivuta mkia.

"Mzee Kobe," Yeison alimwuliza siku moja, "lile gari uliloanza Pasaka limeshazaa?"

Wote wakaangua kicheko, na Wilfrido naye akacheka, kwani katika mji ule asiyeweza utani na ahame. Lakini nyumbani hakucheka. Camargo alikuwa amemwita pembeni na kumweleza kwa upole kwamba mwezi ukiisha atahamishiwa kuosha magari. Wilfrido alipomsimulia mkewe Nohemí, wamekaa mezani, mama huyo aliisukuma kando sahani yake ya samaki, akamwuliza kama sasa na yeye ataanza kutia tiki za uongo. Alijibu kwamba hajui. Lililomchoma zaidi lilikuwa hilo, kwamba kweli hakujua.

Jumatano iliyofuata waliingia mume na mke na magari mawili ya buluu, pacha kabisa, wakitaka sevisi ya kawaida. Moja likaenda kwa Yeison, ambaye alilitoa baada ya dakika thelathini na nane huku akipiga mluzi. La mke likaenda kwa Wilfrido.

Wilfrido alianza juu ya fomu, akashuka taratibu. Taa ya namba ya nyuma haiwaki, akaweka nyingine. Tairi la akiba halina upepo. Chujio la hewa limewekwa juu chini, mpira wa wipa umechanika, mkanda wa kiti cha nyuma haushiki. Kifuniko cha mafuta ya breki kimelegea, na nati moja ya gurudumu la kulia imekazwa kwa vidole tu. Alishangaa gari jipya namna ile limeokotaje maradhi yote hayo, lakini akaendelea. Alipofika jambo la thelathini na moja alimulika tochi nyuma ya gurudumu la kushoto. Mpira unaopitisha mafuta ya breki ulikuwa umesuguana na chuma mpaka ukabaki utando. Aliupapasa, kidole kikarudi kimelowa.

Mpira mwingine ungefika alasiri kutoka ghala la upande wa pili wa mji. Camargo aliposikia, alikuja mbio.

"Don Wilfrido, mteja anasubiri. Kubadili mpira huo hakumo kwenye sevisi. Mpe gari lake, atarudi siku nyingine."

"Kwa breki hii, injinia, huenda asirudi."

"Nimeshasema."

Wilfrido alifuta mikono, akatia ufunguo mfukoni. Fundi mmoja alipunguza sauti ya redio. "Basi niondoe leo, usingoje mwisho wa mwezi," alisema, sauti ile ile ya siku zote. "Lakini ufunguo huu nitamkabidhi mwenyewe gari likishapona."

Mwenye gari alikuwa amesimama mlangoni, kasikia yote. Hakulalamika. Aliomba aonyeshwe. Wilfrido akamshikia tochi, mama akainama, akaugusa ule mpira. Alipoinuka alitoa kitambulisho. Alikuwa Maribel Otálora, mkaguzi kutoka makao makuu ya kampuni, na yule "mume" alikuwa mfanyakazi mwenziwe. Asubuhi ile, hatua chache kutoka karakanani, walikuwa wametega kasoro saba katika kila gari. Yeison alikuwa ameona mbili, kisha akatia tiki zote thelathini na nne.

"Wewe umeona nane," Maribel alimwambia Wilfrido. "Hii ya nane hatukuitega sisi. Nimeliendesha gari hili asubuhi kutoka Santa Marta, na kesho nilikuwa nampandisha mama yangu milimani. Miaka tisa nakagua karakana, bwana Ariza, na sijampata hata mmoja aliyefikisha saba."

Wilfrido alijawa na furaha, lakini alichomwambia ni kwamba mpira utafika saa tisa, naye awe na subira. Ulifika. Akaufunga, akatoa hewa kwenye breki, akalizungusha gari mtaani mara mbili, ndipo akatia sahihi na kukabidhi ufunguo.

Camargo, tumpe haki yake, aliushusha ule ubao kwa mikono yake mwenyewe siku hiyo hiyo, na mbele ya wote akamwomba Wilfrido awafundishe mafundi. Nohemí alipopata habari alitoka kibarazani akawatangazia majirani kabla mumewe hajavua viatu. Spika zikatolewa nje, na jioni ile Wilfrido Ariza, ambaye hakuna aliyewahi kumwona na haraka, alicheza mpaka shati likamgandia mgongoni.

Jumatatu Yeison alimjia bila mzaha wowote. "Mzee, nielekeze kwenye hizi breki," alisema. Sevisi yake ya kwanza ya kweli ilimchukua saa mbili na dakika kumi, na mwenye gari akaanza kunung'unika kwenye kaunta. Wilfrido alimwendea mwenyewe na kikombe cha kahawa, akamwomba aketi, maana gari lake liko mikononi mwa fundi.