Dinah na Ukuta wa Pua Uliopinda

Dinah alikuwa mtu wa hasira, na watu wa soko la Garsen walilijua hilo kabla ya kulijua jina lake. Mnunuzi akiminya nyanya zake mara mbili bila kununua, alifukuzwa. Akiuliza bei kisha akacheka, alifukuzwa vilevile. Kila asubuhi alitoka kijijini kwake Kulesa, kando ya mto, na magunia yake ya mboga na ndizi, akatandika turubai kando ya Abdia, mama wa Kiorma aliyeuza maziwa. Wakakaa hivyo msimu baada ya msimu, mmoja mpole, mwingine akigomba.

Wasichokijua watu ni kwamba Dinah hakuwa amepata usingizi wa kutosha tangu alipokuwa msichana. Tundu la kushoto la pua yake halikupitisha kitu kabisa. La kulia lilipitisha hewa kidogo tu, kama mrija wa soda uliopondwa. Alilala mdomo wazi, akaamka koo limekauka kama kigae na kichwa kinamgonga. Marehemu mumewe alimzoea. Binti yake Mitchelle hakumzoea. Alihamisha godoro lake akiwa bado shule ya msingi, akasema hawezi kusoma asubuhi kama mama amekoroma usiku kucha.

Si kwamba Dinah hakutafuta dawa. Kwenye zahanati moja walimwambia ni vumbi. Kwenye nyingine walimwambia ni mzio, ahame mtoni, kana kwamba mtu huhama mtoni kama anavyobadilisha leso. Duka la dawa lilimpa matone ya pua, akayatumia mpaka ikafika mahali pua inaziba zaidi asipoyatia. Mwaka mmoja walimtibu pumu asiyokuwa nayo. Kati ya wote hao hakuna hata mmoja aliyeshika tochi akammulika ndani ya pua.

Abdia ndiye aliyemsukuma. Alisikia kwamba madaktari wa masikio, pua na koo wamefika Garsen kufanya kliniki ya siku moja, akamkunjia Dinah turubai lake bila kumuuliza.

"Enda," alisema. "Mboga mimi nauza. Wewe napumua kama samaki nimetoka maji, mpaka mimi nachoka kwa ajili yako."

Dinah alienda. Kwenye foleni alimkuta kaka yake mkubwa, Tom, amekwisha kumshikia nafasi. Tom alikuwa mzee wa kanisa kule Kulesa, mtu wa shati lililopigwa pasi na sauti ya upole, na tangu baba yao afariki alijiona ndiye mwenye jukumu la kila jambo la nyumba ile. Alikuwa amepata habari za kliniki kwa Mitchelle. Dinah hakumwita wala hakumfukuza. Waliingia wote wawili.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyejitambulisha kwa jina la Ikhlas. Alivaa taa kwenye paji la uso, akapanua tundu la pua kwa kifaa cha chuma baridi, akatazama kushoto, akatazama kulia, akarudi kushoto.

"Mama, ndani ya pua kuna ukuta unaotenganisha matundu haya mawili," alisema. "Wako umepinda. Umelalia upande mmoja kabisa, na nyama za upande wa pili zimevimba kujaza nafasi. Dawa haiwezi kuunyoosha. Ni upasuaji."

"Kwa hiyo si mafua," Dinah alisema.

"Si mafua. Na si jambo la juzi. Uliumia lini?"

Kabla Dinah hajafungua mdomo, Tom alijibu. "Aliteleza ukingoni mwa mto akiwa mdogo, daktari. Akaangukia kisiki."

Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja tarehe ya kuzaliwa. Dinah aligeuka akamtazama, na kilichomshangaza ni kwamba uso wa kaka yake haukuwa na wasiwasi wowote. Tom alikuwa ameurudia uongo ule mpaka ukamwingia.

Hakukuwa na kisiki. Dinah alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na Tom alikuwa kijana wa kunyoa ndevu. Siku ile Tom alipindua mtumbwi uliojaa mahindi mbele ya marafiki zake, na Dinah, aliyekuwa ukingoni akiosha vyombo, akacheka. Alicheka kama mtoto anavyocheka, kwa sauti, na hakuweza kujizuia. Tom alitoka majini na kafi la mtumbwi mkononi akampiga nalo usoni. Mama yao alikuja mbio, akamwosha damu, akamfunga kitambaa, akamwambia maneno ambayo Dinah aliweza kuyarudia hata sasa neno kwa neno: "Uliteleza. Unasikia? Baba yako akijua atamuua ndugu yako. Uliteleza." Hawakumpeleka popote. Pua ikapona jinsi ilivyotaka yenyewe.

Mbele ya daktari Dinah aliuacha uongo ule upite. Alirudi sokoni akaketi kwenye turubai, na siku ile hakuuza kitu, kwa sababu kila aliyekaribia aliona uso wake akapita.

Wiki zilizofuata zilikuwa za matayarisho, na kila moja ilimwongezea hasira. Aliambiwa aache vidonge vya maumivu alivyozoea kumeza kila asubuhi kwa ajili ya kile kichwa, maana huifanya damu iwe nyepesi. Aliambiwa aache matone ya pua, na siku za kwanza bila matone aliona kama amefungiwa ndani ya gunia. Alipimwa damu, akapimwa presha, akapigwa picha ya kichwa katika hospitali kubwa ya pwani, alikofanya kazi daktari yule. Kwenye ile picha daktari alimwonyesha ukuta wenyewe, mstari mweupe uliopinda kama kiwiko.

"Unaona hapa?" Daktari Ikhlas alisema. Tom alikuwa nje akinunua maji. "Mtu akianguka kifudifudi, mara nyingi pua hubonyea kwenda ndani. Hii imesukumwa kutoka ubavuni. Sikulazimishi kuniambia kitu. Lakini nimeona nyingi."

"Ni kafi," Dinah alisema.

Daktari aliandika, asimwulize ni la nani.

Siku ya upasuaji, katika hospitali ileile, Dinah alikuwa hajatia kitu kinywani tangu jana yake, hata tone la maji. Nesi alikuja na karatasi ya ridhaa akamnyooshea Tom.

"Pua ni ya nani?" Dinah aliuliza.

"Nilidhani ndiye mzee wenu—"

"Pua ni ya nani?"

Nesi alimpa yeye karatasi. Alisoma kila mstari, pamoja na ule wa kutokwa na damu na ule wa dawa ya usingizi, akatia sahihi kwa kalamu aliyoikandamiza karibu itoboe. Tom alikohoa, akasema atamwombea. Dinah aliingizwa chumba cha upasuaji akiwa amekunja ngumi chini ya shuka, na mtu wa dawa ya usingizi akalazimika kumwomba akunjue ili apate mshipa.

Alipozinduka alidhani wamemziba badala ya kumzibua. Ndani ya pua kulikuwa na vibao laini vya plastiki vilivyoshonwa kuushikilia ukuta mpya, na chini ya pua wamefunga pamba iliyokwisha kulowa damu. Midomo ilipasuka. Kila alipomeza mate, masikio yalimlia. Daktari Ikhlas alikuja, akamweleza taratibu: mifupa na gegedu iliyopinda imepunguzwa na kunyooshwa, zile nyama zilizovimba zimepunguzwa pia, kila kitu kimekwenda sawa. Asipenge pua. Akipiga chafya, afungue mdomo. Alale ameinua kichwa kwa mito. Asiiname, asibebe kitu kizito, na kubwa kuliko yote, asikae penye moshi.

"Una mahali pa kupumzika?"

"Atakaa kwa mama," Tom alisema.

Dinah alikuwa na mdomo mkavu na hakuwa na nguvu za kubishana. Akapelekwa kwa mama.

Mama yao alikuwa amezeeka, lakini ulimi wake ulikuwa mzima. Alimpikia uji wa mchele, akaupooza vizuri kama alivyoagizwa, akawa anamletea maji ya chumvi ya kusafishia pua. Dinah aliyapokea. Kama angeachwa hivyo, labda angeondoka kwa amani. Lakini siku ya nne wakaja akina mama wa kanisa kumwona mgonjwa, wakajaza sebule, na Tom akaketi kwenye kiti cha baba yao kuwapokea. Mmoja wao akauliza maskini shida ilitoka wapi.

"Ni ya utotoni," mama alisema. "Alikuwa mtundu huyu. Alikuwa hatulii. Nilimwambia asikimbie ukingoni, akakimbia, akateleza akaangukia kisiki."

Wageni wakatikisa vichwa kwa huruma. Tom naye akatikisa.

Lile neno mtundu ndilo lililomwinua Dinah. Alisimama na pamba yake chini ya pua na macho yaliyovimba rangi ya zambarau, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya mtu anayeongea kutoka ndani ya pipa.

"Sikuteleza," alisema. "Nilipigwa kafi. Tom alinipiga kafi la uso kwa sababu nilicheka."

Wageni waliweka vikombe chini.

"Dinah, keti, utatoka damu," mama alisema.

"Nimetoka damu tangu utotoni. Ulinifunga kitambaa ukaniambia niseme nimeteleza. Nikasema. Nimesema kwa walimu, nimesema kwa mume wangu mpaka akafa hajui. Nimekunywa dawa ya pumu. Na huyu amekaa pale anatikisa kichwa."

"Ilikuwa utoto," Tom alisema polepole, kwa ile sauti yake ya ibada.

"Utoto wa nani? Mimi ndiye niliyekuwa mtoto. Wewe ulikuwa na ndevu."

Kweli damu ilianza kutoka, uzi mwembamba uliopita pembeni ya pamba. Mwanamke mmoja alimshika mkono akamketisha, akampa kitambaa. Wageni waliomba sala fupi wakaaga. Tom alitoka nyuma yao bila kumtazama dada yake. Mama aliokota vikombe kimoja kimoja, na alipofika mlangoni alisema, "Umemwaibisha ndugu yako mbele ya kanisa."

Dinah alimpigia simu Mitchelle aje amchukue. Alimalizia kupona nyumbani kwake mwenyewe. Mitchelle alihamisha jiko nje, mbali na dirisha, akawa anapika huko, na mama yake akisogea tu anamfokea arudi ndani.

Siku ya kutolewa vibao hakuenda na Tom. Alienda na Abdia, aliyeacha maziwa kwa mdogo wake. Daktari alikata uzi, akamwambia atoe pumzi kwa mdomo, akavuta. Kilichotoka kilikuwa kirefu kuliko Dinah alivyotarajia, na Abdia alisema kitu kwa Kiorma akageuza uso.

"Sasa funga mdomo," daktari alisema. "Vuta kwa pua."

Hewa iliingia. Iliingia pande zote mbili, baridi, bila kugonga kitu, ikashuka mpaka kifuani. Dinah aliivuta tena, na tena. Abdia alisubiri kuona furaha. Badala yake rafiki yake alianza kulia, na kilio hicho hakikuwa cha furaha.

"Yaani ni hivi," alisema. "Watu wote wanapumua hivi. Kila siku. Na mimi nilikuwa na haki ya hiki kitu wakakinyamazia."

Abdia hakumwambia asamehe. Alimpa ncha ya shungi lake ajifute, kisha daktari akamkataza kupenga.

Magamba ndani ya pua yalichukua wiki nyingi kuisha, na aliendelea kuisafisha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Usingizi ulirudi. Maumivu ya kichwa yakapungua, yakaisha. Mitchelle akarudisha godoro lake. Lakini wale waliodhani kwamba Dinah akipumua vizuri atakuwa mpole walijidanganya. Wanaominya nyanya bado walifukuzwa, tena kwa sauti iliyo wazi zaidi.

Tom alikuja sokoni msimu wa kupanda ulipoanza. Alisimama mbele ya turubai akiwa ameshika kofia, Abdia akimwangalia. Alikuwa amekonda kidogo.

"Nilikupiga," alisema. "Nilikuwa nimeshasahau kwamba nilikupiga. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Dinah alipanga mafungu ya mchicha, hakuinua macho mara moja.

"Mimi sikusahau," alisema. "Umemwambia mama?"

"Mama hataki kusikia."

"Mwambie hivyo hivyo. Na wale wamama waliokuja, waambie. Mimi nilishasema langu."

Tom alisimama kidogo kama anayesubiri neno jingine. Akavaa kofia akaondoka kuelekea kituo cha magari, na Dinah akamgeukia mteja aliyekuwa akisubiri, akamwuliza anataka mafungu mangapi.