Ng'ombe Aliyegeuka Mnadani

Kokwijuka ni fundi cherehani pale Rubwera, kibanda cha tatu ukitokea kijiwe cha bodaboda, na ukitaka kumharibia siku mwulize habari za utoto wake. Wenzake wakianza kusimulia jinsi baba zao walivyowapeleka mjini Kayanga siku za mnada, mara maandazi, mara soda, mara viatu vya Krismasi, yeye hukanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukatike. Wanasema anaringa. Haringi. Mjini alikwenda kuwashinda wote hao, tena akibebwa mabegani, na sababu ya kubebwa ndiyo inayomkosesha raha mpaka leo.

Mwaka ulikuwa tisini na mbili, naye alikuwa na miaka tisa. Kwao, kijiji cha Ndama, walikuwa na migomba, kahawa, na ng'ombe mmoja tu, jike mwekundu wa kuiva, karibu na weusi. Kwa Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, ng'ombe wa rangi hiyo huitwa Bihogo. Si jina la kuchagua kama la mtoto. Rangi ndiyo jina. Pita vijiji kumi utakuta akina Bihogo kumi, na kila mmoja ukimwita atageuka. Lishike hilo, maana kila mtu mzima aliyekuwa mnadani siku ile alikuwa analijua vizuri kabisa.

Bihogo wa kwao alikata kamba Jumatatu akapotea. Baba yake, Protase, ndiyo kwanza alikuwa amechaguliwa mzee wa kanisa, na hasira zake zilikuwa zimemtangulia huko kanisani. Alimtafuta ng'ombe siku tano mabondeni, na kila jioni alirudi mikono mitupu akatafuta wa kumlipizia. Mama alipigwa kwa ajili ya kamba. Kokwijuka akapigwa kwa ajili ya kigingi. Jumamosi asubuhi akamwambia mtoto, "Vaa gauni. Wewe ndiye unayemlisha maganda ya ndizi kila siku, ng'ombe anakujua. Twende mnadani, na ufumbue macho."

Kwa Kokwijuka ilikuwa mara ya kwanza kufika mjini. Alishangaa kila kitu, redio zilizokuwa zikipiga kelele madukani, mabati, wanawake waliovaa saa. Mnadani vumbi lilikuwa limesimama na ng'ombe wenye mapembe makubwa wamejazana. Pembeni kidogo alisimama kijana mwembamba ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwepo ng'ombe mwekundu wa kuiva. Mtoto akaachia mkono wa baba yake. "Bihogo," akaita.

Ng'ombe akageuka. Akanyoosha shingo kumwelekea mtoto, masikio yamesimama.

"Mmeona?" Protase akasema, na alisema kwa sauti ya kusikiwa na uwanja mzima. "Ng'ombe amemjibu mwanangu. Mwizi huyu hapa."

Kijana yule aliitwa Uwiringiyimana. Wazazi wake walitoka Rwanda miaka mingi nyuma, yeye akazaliwa hapahapa Karagwe, kitovu chake kimezikwa hapa. Akasema ng'ombe ni wake, amemlea tangu ndama, waulizeni majirani zake. Hakuna aliyeuliza. Mtu mmoja akasema, "Hawa Wanyarwanda," na hiyo ikatosha kuwa ushahidi. Fimbo ya kwanza ilimpata mdomoni. Ya pili ilikuwa ya Protase mwenyewe, fimbo ya kuchungia, nayo ilimpata juu ya jicho. Kisha hazikuhesabika tena.

Tusidanganyane, watu hawapigi mwizi kwa sababu ya ng'ombe. Walikuwepo wazee wenye heshima zao, wenye wajukuu, waliokuwa na Bihogo zizini kwao asubuhi ileile, na hao ndio waliotafuta mawe. Walimvua shati. Walimburuta mpaka kwenye jiwe la kufungia mbuzi, wakamlaza mguu wa kushoto juu yake, na jitu moja lenye magumboti likaurukia. Kokwijuka alisikia mfupa ukivunjika. Uwiringiyimana hakulia hapo, alitapika. Mtu alikuwa ameshakwenda kuleta tairi na mafuta ya taa pale askari wawili walipopiga risasi juu na kumtoa, damu tupu, wakamtupa nyuma ya gari.

Na Kokwijuka? Hapa ndipo penye kidonda. Alifurahi. Baba yake, aliyezoea kumgusa kwa fimbo tu, alimnyanyua akamweka mabegani, na watu wakampigia makofi. Akanunuliwa soda ya chungwa na maandazi matatu. Aliyala yote, huku ng'ombe wa mtu akifuata nyuma kwa kamba, njia nzima mpaka Ndama.

Siku nane baadaye akaja bibi mmoja kutoka Rugu, anatembea polepole, anavuta ng'ombe. Akasalimia, akasema ng'ombe huyu alimkuta bondeni kwake, amemfunga siku kumi na mbili akingoja mwenyewe, na ameambiwa huku Ndama kuna aliyepotelewa. Kabla hajamaliza maneno, ng'ombe alikuwa ameshapita uani mpaka jikoni, akaingiza mdomo kwenye ungo wa maganda kama kawaida yake. Kokwijuka akakimbia kumkumbatia shingo.

Protase alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama yule ng'ombe kwa muda. Alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa shaurini. "Si wangu, bibi," akasema. "Wangu nimeshampata."

"Lakini mtoto anamjua, baba."

"Mtoto huyu anapenda kila ng'ombe. Nenda naye. Mungu amekupa."

Bibi wa watu akarudi Rugu na ng'ombe wake wa bure, akishukuru njia nzima. Protase akafunga mlango. Alimpiga Kokwijuka kwa mpini wa jembe, mgongoni na miguuni, bila kelele, mkono mmoja ukiwa umemziba mdomo. "Bihogo ni huyu aliyeko zizini," alimwambia kila alipopumzika. "Sema. Ni yupi?" Mtoto akasema ni huyu. Alisema mara nyingi mpaka mkono ukachoka. Mama alikuwa chumba cha pili na alisikia kila kitu, na hakutoka.

Basi safari za mjini zikaanza. Karibu kila Jumamosi Protase alimchukua mnadani, akamsimamisha mbele ya wenzake kwenye kilabu cha rubisi, pombe ya ndizi, na kusema huyu ndiye binti aliyemkamata mwizi kwa mdomo wake. Watu walimpa njugu, walimpa pipi. Alijifunza kutabasamu. Maziwa ya ng'ombe wa Uwiringiyimana yalimkuza, ndama wake wakamlipia karo, na mmoja akauzwa, Kokwijuka akanunuliwa cherehani. Chuki aliyokuwa nayo kwa baba yake ilikuwa kubwa, lakini aliyokuwa nayo kwake mwenyewe ilikuwa kubwa zaidi. Alipoolewa akahamia Rubwera na kuapa hatakanyaga mnada wa Kayanga tena.

Mwaka huu, mwezi wa sita, mzee mmoja akaingia kibandani anachechemea, ana suruali mpya mkononi. Alitaka ikatwe. Kokwijuka akapiga magoti na tepu yake. Mguu wa kulia inchi arobaini. Wa kushoto thelathini na nane. Akapima tena.

"Usisumbuke, fundi," mzee akasema. "Huo ni mfupi. Kata kila mmoja kwa kipimo chake."

"Ulianguka, mzee?"

"Nilivunjwa. Mnadani Kayanga, zamani."

"Niandike jina gani?"

"Uwiringiyimana."

Alibaki palepale chini, tepu mkononi. Angeweza kukata suruali, akapokea pesa yake, mzee akaenda zake. Alisema baadaye kwamba alilifikiria hilo, na lilimvutia sana. Kisha akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona unanisalimia mara ya pili?"

"Mimi ndiye yule mtoto."

Akamwambia yote, la bibi wa Rugu pia, la ungo wa maganda, la mpini wa jembe. Alisema akiwa bado amepiga magoti, na alilia bila kujificha. Mzee alisikiliza ameshika ukuta. Kovu juu ya jicho lilikuwa limevuta kope yake upande, hivyo hukujua kama amekasirika au la.

"Kumbe ng'ombe wenu alirudi," akasema mwishowe. "Na baba yako alijua."

"Alijua."

"Unajua mimi huuzaje ng'ombe wangu? Kwa mikono ya watu. Miaka thelathini na kitu. Nikishika kamba Kayanga, kuna mzee atakohoa, mwingine atasema mshikeni vizuri huyo, na mnunuzi ataondoka. Sitaki pole yako, mama. Pole haishiki kamba. Jumamosi nitakwenda na ng'ombe wangu mwenyewe. Ulisema mbele ya watu. Njoo useme mbele ya watu."

"Baba yangu yu hai bado. Kila Jumamosi yuko pale."

"Nafahamu. Namwona kwa mbali."

Ijumaa Kokwijuka alipanda bodaboda mpaka Ndama kumpa baba yake habari. Alitaka baba aseme ukweli mwenyewe, alimsihi, alimshika magoti. Protase, mzee wa miaka sabini na mbili sasa, aliyekuwa akisuluhisha ugomvi wa mipaka wa nusu kata, alimtandika mkongojo begani. "Ukifungua mdomo huna baba," akasema. Ng'ombe wake, kitukuu cha yule mwekundu, alikuwa nyuma ya nyumba anakula maganda.

Jumamosi Kokwijuka akaenda mnadani. Uwiringiyimana alikuwa amefika kabla yake, amevaa suruali iliyokatwa, kamba mkononi, na watu wamemwachia nafasi kubwa pande zote. Ng'ambo ya uwanja Protase alikuwa amekaa na wazee wenzake, kama kila Jumamosi. Kokwijuka akamwendea mpiga mnada akaomba kipaza sauti, yule akadhani ni tangazo la msiba, akampa.

Alisema jina lake na la baba yake. Alisema mwaka. Alisema, "Nilimwita ng'ombe kwa rangi yake, akageuka, kama ambavyo angegeuka wa kwenu. Mlimvunja mguu mtu mwenye mali yake. Ng'ombe wetu alirudi baada ya siku nane na baba akamkataa. Tuliishi kwa ng'ombe wa mzee huyu. Wezi ni sisi."

Wazee fulani wakatazama viatu vyao. Alijisikia mwepesi, na wepesi huo ulidumu kiasi cha kurudisha kipaza sauti.

"Kwa hiyo mwizi ni mzee Protase," kijana mmoja akasema. Mwaka ule wa tisini na mbili hakuwa hata amezaliwa.

Mtu akaipiga kofia ya Protase ikaruka. Protase akainua mkongojo kujikinga, wakamnyang'anya, na mkongojo uleule ukamshukia kichwani. Akapiga magoti. Damu ikamtoka sikioni ikaingia kwenye kola. Kokwijuka alijitupa katikati akasukumwa, akarudi, akapigwa kiwiko cha uso. Alipiga kelele mwacheni, mwacheni, mpaka koo likachanika, na hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa. Mdomo uliowaamsha mara mbili haukuwa na uwezo wa kuwatuliza hata mara moja. Mtu alikuwa tayari anaulizia tairi.

Akamtafuta Uwiringiyimana kwa macho. Alikuwa amesimama palepale, anaangalia. Aliangalia fimbo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliangalia bila haraka, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Kokwijuka alimwelewa, na kuelewa huko kulimtisha kuliko fimbo.

Kisha mzee akachechemea mpaka katikati, akivuta ng'ombe wake. Watu wakampisha, maana yeye ndiye aliyedhulumiwa.

"Basi," akasema. "Tokeni hapo. Nimekuja kuuza ng'ombe."

Fimbo zikashuka. Kila mtu alianza kujifuta mikono na kutazama pembeni. Kokwijuka akamwinua baba yake, akamfunga kichwa kwa mtandio, na baba hakumsukuma wala hakumtazama. Kokwijuka akamwambia Uwiringiyimana, "Asante, mzee. Umemwokoa."

"Usinishukuru, fundi," Uwiringiyimana akajibu. "Ng'ombe alikuwa ameanza kushtuka. Angekata kamba."

Akamgeukia mnunuzi, kijana wa kutoka Muleba, akamwambia asogee amtazame ng'ombe meno.