Mkeka wa Banda la Pembe Nane

Jamani, aibu nyingine mtu huzeeka akaiacha nyuma, lakini hii yangu ya mkeka kila msimu wa maulidi hunitangulia kufika, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mke wangu.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ualimu kule Mkange, miaka ya sabini mwanzoni, na kijiji kimejenga banda la maulidi la pembe nane, kila ubavu futi nane, kina mama wakapewa kazi ya kusuka mkeka wa kulijaza. Kiongozi wao Bi Mwanaidi, mama yake Saumu, na Saumu ndiye niliyempelekea posa, jibu bado (mnaona balaa lilipokaa). Desturi yao kila mmoja husuka ukili nyumbani kwake, ule utepe mrefu wa miyaa, kisha asubuhi ya shughuli hukutana kuziunga. Bi Mwanaidi alipoanza kupima sakafu kwa mikono, nami nikitaka nionekane mkwe wa maana, nikamwambia, "Mama, usijichoshe, nitakupigia hesabu."

"Haya mwanangu, wewe ndiye uliyesoma."

Basi nikaligawa banda pembetatu nane zinazokutana katikati, kila moja pembe yake ya katikati digrii arubaini na tano, nikaikata moja katikati nipate kimo chake, ubavu nikaugawa kwa mbili ukawa futi nne, pembe nikasahau kuigawa, na tanjenti ya arubaini na tano ni moja kamili, hata kitabu cha majedwali sikukifungua. Kimo futi nne, eneo lote futi za mraba mia na ishirini na nane. (Futi nne kutoka katikati hadi ukingoni, wakati mimi nikilala pale na kunyoosha mikono ukingo siufikii.)

"Mbona kidogo?" akauliza Bi Mwanaidi.

"Mama, hesabu haidanganyi," nikamjibu, nikamgawia kila mama kipimo cha ukili wake.

Siku ya maulidi wageni wa Lugoba na Makurunge wamesimama na kanzu zao zimenyooka, kina mama wanashona kuanzia upande wa kibla, na ukili ukaisha kabla ya kufika katikati. Ningenyamaza ingekuwa nafuu, lakini nikasema labda kuna waliosuka pungufu. Bi Mwanaidi akapima kwa mkono kila ukili, mmoja mmoja, mbele ya watu wote, na zote zilikuwa kamili. Nikachukua chaki nikarudia hesabu palepale sakafuni, safari hii pembe nikaigawa, jibu likapita mia tatu. Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

"Kumbe mikono yangu ilisoma," akasema Bi Mwanaidi taratibu. "Posa yako, mwalimu, itajibiwa mkeka ukijaa. Miyaa iko kwangu, uje usuke mwenyewe."

Wageni walisoma maulidi nusu yao wamekaa kwenye saruji, nami miezi minne kila alasiri nilikaa uani kwa Bi Mwanaidi nikisuka katikati ya kina mama, wanafunzi wangu wakipita nje na kunichungulia juu ya ua, mpaka mkeka ukajaa na Saumu akawa mke wangu. Sijapima kitu cha mtu tena bila kumwomba kwanza mwenyewe anyooshe mikono. Na Saumu, mpaka leo, akiniona nimeshika kalamu huja nyuma yangu polepole akaniuliza, "Baba Zuhura, pembe umeigawa?"